Muulize Fundi Taa: Uzi uliopotea usiku, ukajitokeza juani

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mshonaji. Nilishona suruali ya buluu iliyokoza, na uzi niliuchagua usiku chini ya taa. Nikaulaza juu ya kitambaa, ukapotea kabisa. Mwenye suruali alipotoka nayo nje juani, mishono yote ikaonekana ya zambarau. Alinirudishia kazi akisema nimemfanyia uzembe. Je, uzi ulibadilika rangi, au macho yangu ndiyo mabovu?

JIBU: Marahaba. Macho yako ni mazima, na uzi haukubadilika. Kilichobadilika ni mwanga. Nakuelewa vizuri, maana nimewasha taa za jukwaani kwa miaka 22 na jambo hilihili limenikuta mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Katika mchezo mmoja mwigizaji alitakiwa kusoma barua kando ya moto. Moto wenyewe ulikuwa taa zangu nne, kila moja nimeifunika kwa chujio jekundu. Barua iliandikwa kwa wino mwekundu ili ifanane na damu. Usiku wa kwanza dada yule akaikunjua, akaitazama, akanyamaza. Karatasi ilikuwa tupu. Nilikuwa juu kwenye daraja la taa, na mpaka leo naukumbuka ukimya ule.

Karatasi nyeupe hurudisha kila mwanga unaoipiga. Pale palikuwa na mwanga mwekundu peke yake, kwa hiyo karatasi nzima ikawa nyekundu pyu. Wino mwekundu nao hufyonza buluu na kijani, hurudisha nyekundu. Nyekundu juu ya nyekundu, jicho lisome nini? Kesho yake nikaiandika barua upya kwa wino wa buluu. Chini ya taa zilezile maandishi yakatoka meusi ti, kwa kuwa wino wa buluu huufyonza wekundu, na hapakuwa na mwanga mwingine wa kurudisha. Gauni la kijani katika onyesho hilo likageuka jeusi vilevile.

Ndiyo maana siwezi kusema kitambaa "kina" rangi kama kilivyo na uzito. Kitambaa kina tabia ya kufyonza mawimbi fulani ya mwanga na kurudisha mengine, na kinaweza kurudisha tu kile kilicholetewa. Isaac Newton alilieleza hili katika barua yake ya mwaka 1672. Ndani ya chumba cha giza, kwa mche wa kioo, alitenga mwanga wa rangi moja moja na kuumulika juu ya unga mwekundu na unga wa buluu. Kila unga ulichukua rangi ya mwanga ulioupiga, ila ule mwekundu uling'aa zaidi katika mwanga mwekundu, na wa buluu katika mwanga wa buluu.

Sasa turudi kwenye uzi wako, ambao una utata zaidi, kwa sababu taa yako ilikuwa nyeupe. Jicho lina aina 3 za seli za kupokea rangi, ziitwazo koni. Moja huamshwa zaidi na mawimbi mafupi, upande wa buluu, nyingine ya kati, nyingine marefu, upande wa wekundu. Jicho halihesabu wimbi mojamoja. Linapokea jumla tatu tu. Basi uzi na kitambaa vilivyotiwa dawa tofauti za rangi vinaweza kukupa jumla zilezile chini ya taa moja, na zikatofautiana chini ya nyingine. Watu wa viwanda vya nguo huiita hali hii metamerizimu.

Balbu nyeupe za LED zilizo nyingi huanza na mwanga wa buluu, kisha unga uliopakwa juu yake hugeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Tunauona mweupe, lakini wekundu wa mwisho kabisa, kuanzia kama nanomita 650 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), huwa haba. Kama balbu yako ni ya namna hiyo, na uzi wako hurudisha wekundu huo ambao kitambaa hakirudishi, tofauti ilikuwapo tangu mwanzo, ila haikuwa na mwanga wa kuitoa mafichoni. Jua lina wekundu huo tele. Ukiongeza wekundu kidogo kwenye buluu unapata zambarau, na ndiyo ile uliyoonyeshwa.

Chagua uzi mchana karibu na dirisha, mahali jua lisipopiga moja kwa moja. Kazi ikikulazimu usiku, linganisha chini ya taa mbili za aina tofauti, kwa mfano LED na balbu ya zamani ya waya, na usiuamini uzi uliokubaliwa na taa moja tu. Viwandani wana sanduku maalumu lenye taa kadhaa, mojawapo ikiiga mwanga wa mchana wa kelvini 6500, yaani kipimo cha weupe wa mwanga. Ukinunua taa ya kushonea, tazama namba ya CRI au Ra kwenye boksi, inayoonyesha taa inatoa rangi kwa usahihi kiasi gani. Ukomo wake ni 100, na mimi nisingeshona chini ya 90. Ila namba hiyo hukokotolewa kwa sampuli 8 za rangi zilizopoa. Wekundu mkali una namba yake, R9, nayo mara nyingi haiandikwi. Iulizie.

Na mwenye suruali umwite. Mwonyeshe mshono chini ya taa yako, kisha mlangoni. Ajionee mwenyewe, kwa sababu hukufanya uzembe.

SWALI: Shati langu jeupe naliona jeupe pe chini ya balbu ya manjano, lakini kwenye picha ya simu ni la manjano. Nani mkweli?

JIBU: Mwanga uliofika kwako ulikuwa wa manjano kweli. Ubongo hukisia rangi ya taa na kuiondoa kabla hujajua. Simu nayo hujaribu, ila safari hii imekosea. Ubongo pia hukosea: mwaka 2015 picha ya gauni moja ilizunguka dunia, wengine wakiliona la buluu na nyeusi, wengine jeupe na la dhahabu, kila upande ukikisia mwanga wake. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi.

SWALI: Usiku chini ya taa za barabarani za rangi ya chungwa nililipita gari langu jekundu mara mbili bila kulitambua. Kwa nini?

JIBU: Huenda zilikuwa taa za sodiamu za presha ndogo, ambazo hutoa karibu rangi moja tu, manjano ya nanomita 589. Gari jekundu, la buluu na la kijani yote hubaki vivuli vya manjano hiyohiyo, hili limefifia, lile limeng'aa. Siku nyingine chukua tochi nyeupe na ulimulike ubavuni. Ndani ya duara la tochi wekundu utarudi papo hapo.