Kulinganisha mvinyo wa Kiitalia: anza na zabibu moja

Mara ya kwanza nilipoita watu nyumbani Dar es Salaam kuonja mvinyo, niliweka mezani mvinyo miwili myekundu: Chianti ya Toscana, Italia, na Cabernet ya Chile. Wageni wakagawana pande, wakabishana mpaka usiku wa manane, na hakuna aliyejifunza kitu. Zabibu mbali, udongo mbali, bei mbali. Utajuaje ladha uliyoipenda imetokana na nini? Embe na nanasi hazishindanishwi.

Siku hizi zabibu ni ileile, nchi ndiyo inayobadilika. Pea ninayoipenda ni Primitivo ya Puglia, kule kwenye kisigino cha Italia, na Zinfandel ya California. Kwa muda mrefu zilidhaniwa ni zabibu mbili, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha ni moja. Kisha mwaka 2001 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Kroatia, wakaikuta zabibu hiyohiyo karibu na mji wa Split, Kroatia, wenyeji wakiiita Crljenak Kaštelanski. Jaribu kulitamka jina hilo baada ya glasi ya tatu.

Zabibu hii ina kituko chake: haiivi kwa pamoja. Kwenye kishada kimoja utakuta punje zilizokwisha kusinyaa zimekaa ubavuni mwa punje mbichi. Mkulima akizisubiri hizo mbichi, zile zilizoiva zinazidi kujaa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Ndiyo maana chupa nyingi zimeandikwa asilimia 14 au 15.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilishasikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani, nikamimina. Chumbani kwa nani? Sebule yangu mwezi wa kwanza ni tanuri! Kilevi kikapanda puani kama spiriti ya kusafishia kidonda, na Zinfandel ya watu ikahukumiwa bila kosa. Sasa chupa zote mbili hulala kwenye friji nusu saa kwanza.

Zifunge chupa kwa magazeti, majina yasionekane, na anayezifunga asiwe anayemimina. Bei zikaribiane. Glasi moja ipate vidole viwili tu, na bakuli la kutemea liwepo. Shemeji yangu alikataa kutema. Kufikia raundi ya pili kila chupa kwake ilikuwa bingwa.

Wala usihangaike na misamiati ya wajuzi. Kile wanachokiita tanini sisi tunakijua tangu utotoni: ni ukakasi, ule wa bibo au zambarau. Jiulize umeshika wapi, kwenye ufizi au ulimini, na unakaa muda gani. Usiku ule wa shemeji, Primitivo ilininukia zambarau zilizoiva mno. Zinfandel ilikuwa jamu tupu, na pilipili manga kwa nyuma.

Wasiopenda nyekundu wachukue Pinot Grigio ya Italia kaskazini na Pinot Gris ya Alsace, Ufaransa. Zabibu ni hiyohiyo. Ya Italia kwa kawaida ni nyepesi, ya Alsace nzito zaidi, wakati mwingine na harufu ya asali.

Kilichobaki kizibe, ukirudishe kwenye friji. Mimi usiku ule kura yangu ilikwenda Italia. Kesho yake mchana, kwa pilau iliyolala, nikahamia California.