Maji ya bombani: mliyouliza wiki hii

Maswali mengi yametoka kwa wakazi wa miji midogo, ile yenye kisima kimoja au viwili na fundi mmoja anayejua kila valvu ilipo. Nimechagua sita.

Maji yetu hutoka meupe kama maziwa. Tumezidishiwa klorini?

Hapana, mara nyingi ni hewa. Kinga kwenye glasi uiweke mezani. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, vilikuwa viputo vilivyobanwa ndani ya bomba, kunyweni. Yakibaki na ukungu au tope likatuama chini, msiyanywe kabla hamjajua sababu.

Maji yakikatika siku mbili, yakirudi huwa ya kahawia. Baba watoto anasema ni kutu tu. Ni kweli?

Ni kutu, hapo hakukosea. Ila hilo "tu" ndilo silikubali. Kutu iliyotulia ndani ya bomba hutibuliwa maji yanaporudi kwa kasi, na kwa kawaida huharibu nguo nyeupe kuliko tumbo. Ninachokiogopa ni kilichotokea bomba likiwa tupu. Bomba lenye msukumo likitoboka huvujisha maji nje. Msukumo ukiisha, tundu lile lile hunyonya kilichopo nje: maji ya mtaro, dimbwi, hata yanayochuruzika kutoka shimo la choo. Kwa hiyo fungua bomba la chini kabisa nyumbani, maji ya kwanza mwagilia bustani, na hata yakishakuwa safi, chemsha ya kunywa. Usafi wa macho hausemi lolote kuhusu kilichonyonywa.

Yetu ni maangavu, hayana harufu wala ladha. Kwa nini nihangaike nayo?

Kwa sababu bakteria hawana rangi. Mwezi Mei mwaka 2000, Walkerton, mji mdogo wa watu wapatao 5,000 katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ulipata mvua kubwa. Samadi ya ng'ombe iliyokuwa karibu na kisima kifupi cha mji ikaingia majini. Klorini haikuwa ikitiwa kama inavyotakiwa, na kwenye daftari la vipimo ziliandikwa tarakimu za kubuni. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,300 wakaugua. Hiyo ni Kanada, nchi isiyokosa maabara wala fedha. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kwa uaminifu.

Basi badala ya kuangalia glasi, uliza vipimo. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki kwenye maji yanapofika kwa mtumiaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na bakteria wa E. coli, wale wa kinyesini, wasionekane kabisa katika mililita 100. Wanaosambaza maji wanapaswa kuwa na namba hizo. Ukijibiwa "maji ni salama" bila namba, hujajibiwa. Na usiulize kiangazi peke yake. Uliza baada ya mvua kubwa.

Harufu ya dawa inatukera. Si bora wasitie?

Bora harufu. Kikomo cha shirika hilo hilo ni miligramu 5 kwa lita, na pua za watu wengi huinusa klorini mapema sana kabla ya kufika hapo. Yaache maji usiku kucha kwenye chombo safi kilichofunikwa kwa kitambaa, harufu itapungua. Siku harufu mliyoizoea itakapotoweka ghafla, ndiyo siku ya kupiga simu.

Je, kuchemsha huondoa kila kitu?

Huua vimelea, basi. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja, au tatu kama mnaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini kemikali kama floridi, naitreti, arseniki na madini ya risasi haziondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe hubaki na kukolea. Kwa hiyo kama visima vyenu vina floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto yakaanza mabaka ya kahawia, kuni mnapoteza bure. Naitreti nayo ina hatari ya pekee kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Hapo kinachotakiwa ni kipimo cha maabara, kisha chanzo kingine cha maji au mtambo unaofaa.

Tenki la juu ya paa lisafishwe mara ngapi?

Angalau mara moja kwa mwaka, na kifuniko kikae sawasawa, maana klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa humo. Mimi niliwahi kupanda kwangu nikakuta mjusi amevimba ndani, na wiki ile yote nilikuwa nikiwasifia wageni utamu wa maji yale.