Kabla ya kusaini: kwa wachezaji ngoma wanaokwenda kufanya kazi Ujerumani

Wengi wenu mnaomaliza chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, au mliokulia katika vikundi vya Temeke mkicheza kwenye hoteli za Zanzibar, huniuliza shoo moja Ujerumani inalipa kiasi gani. Swali hilo lina jibu, lakini si la kuanzia. Katika misimu saba niliyozunguka kwenye kumbi za huko, sikuwahi kukaa jukwaani zaidi ya dakika arobaini kwa usiku mmoja. Saa nyingine zote zilikwenda kwenye mazoezi, kwenye basi, na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vyenye baridi, na huko ndiko mwili unakochakaa. Kwa hiyo mkataba ukikufikia, uusome kwanza ukitafuta unasema nini kuhusu saa hizo ambazo hakuna mtazamaji.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa mbili, na ulitaja malipo kwa kila onyesho. Nilipiga hesabu ya maonyesho sita kwa wiki nikajiona tajiri kabla sijapanda ndege. Tulifika mwisho wa Oktoba, na onyesho la kwanza lilikuwa baada ya wiki tatu. Katika wiki hizo tulifanya mazoezi kuanzia asubuhi hadi jioni juu ya sakafu ya saruji, tukipewa posho ya chakula tu. Wakala hakuvunja mkataba hata kidogo, kwa sababu neno mazoezi halikuwamo. Tangu hapo sisaini karatasi isiyoonyesha idadi ya siku za mazoezi, malipo yake, na siku ya mapumziko katika kila wiki.

Jambo la pili, ambalo lilinigharimu zaidi, ni kujua kama unakwenda kama mwajiriwa au kama msanii anayejitegemea. Ujerumani mwajiriwa ana bima ya ajali kazini inayolipiwa yote na mwajiri; anayejitegemea hana bima hiyo mpaka ajikatie mwenyewe. Mimi nilikuwa najitegemea bila kujua, maana nilisaini lugha nisiyoisoma. Katika mwezi wa Januari tulicheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kwenye ukumbi wa michezo ambao jukwaa lake lilikuwa limeungwa kwa vipande vya mbao. Nilirusha jembe, nikalidaka, nikatua pale vipande viwili vilipokutana, penye mwanya wa upana wa kidole. Kifundo cha mguu kiliteguka na nikakaa nje kwa wiki tano. Bima ya safari ililipa daktari, lakini Gage, kama wanavyoyaita malipo ya jukwaani, ilikoma usiku uleule, huku chumba nikiendelea kukatwa. Siku hizi hutembea peku juu ya jukwaa zima kabla ya kila onyesho, nikipapasa viungo vyake kwa vidole vya miguu, na fundi akinicheka nacheka naye.

Kwenye karatasi hiyohiyo mtakuta maneno brutto na netto. Brutto ni fedha kabla ya makato, netto ni kinachokufikia mkononi, na wakala mjanja hutaja ya kwanza kwenye simu. Msanii anayejitegemea ambaye si mkaazi wa Ujerumani hukatwa asilimia 15 ya malipo yake, pamoja na tozo ya mshikamano ambayo ni asilimia 5.5 ya kodi hiyo, na kufanya jumla ya asilimia 15.825. Malipo yasiyozidi yuro 250 kwa onyesho moja hayakatwi, ila yakivuka hapo hukatwa yote, si ile ziada peke yake. Aliyeshangilia kupandishiwa hadi yuro 260 atabaki na takriban yuro 219, wakati mwenzake wa 250 anaondoka na 250 kamili. Mtake mwandaaji akupe cheti cha kodi aliyoikata kwa jina lako, la sivyo hutajua kama ililipwa au ilibaki mfukoni mwake.

Baridi mtaizoea, lakini ngoma hazitaizoea. Nyumbani tunawasha moto wa makuti, tunazielekeza ngozi motoni mpaka zilie tunavyotaka. Nyuma ya jukwaa la Ujerumani hakuna atakayekuruhusu kuwasha hata kiberiti, na kwenye basi lenye unyevunyevu ngozi hulegea hadi ngoma ikatoa sauti ya debe lililojaa maji. Mpigaji wetu alitumia mashine ya kukaushia nywele, akiizungusha juu ya ngozi polepole kwa umbali wa shubiri moja, kwa sababu ukiikaribisha mno ngozi huchanika kwenye wambo. Nawasimulia hili kwa kuwa mchezaji naye yuko vivyo hivyo. Dakika kumi za kupasha mwili moto zinazotosha Bagamoyo hazitoshi kwenye ukumbi wenye nyuzi joto 12. Mimi hutumia dakika arobaini, na sivui soksi za sufu mpaka nisikie mlio wa zamu yetu.

Wale mnaofunga, jiandaeni pia. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, na mjini Hamburg jua lilikuwa likizama karibu saa nne usiku, ilhali sisi tulipanda jukwaani saa mbili. Nilifunga siku nne, ya tano nikaona giza katikati ya ngoma ya sindimba. Shehe wetu nyumbani alinikumbusha kwa simu ruhusa aliyopewa msafiri, nami nikazilipa siku zangu niliporudi Desemba.

Mtaombwa pia mcheze mambo ambayo si ngoma yenu. Mwandaaji mmoja alitaka sindimba ya Wamakonde ichezwe kwa mikuki na ngozi za chui za plastiki, kwa dakika tatu. Kuifupisha tulikubali, kwa sababu ngoma ya kijijini inayokesha haiwezi kuhamia jukwaani bila kukatwa, lakini mikuki tuliikataa. Tulimwonyesha kwamba ngoma ile inabebwa na kiuno na miguu, na mkuki unamzuia mtazamaji kukiona kiuno. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Hoja ya kazi humwingia mwandaaji upesi kuliko hoja ya heshima, ingawa rohoni mwangu hoja ilikuwa ya heshima.

Kuhusu karatasi sina mengi. Jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mchukue kibali cha kwenda kufanya sanaa nje kabla hamjakata tiketi. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za Schengen kwa pamoja. Wiki mbili za maonyesho Vienna, Austria, hazikurudishii hata siku moja ya Ujerumani. Msimu wa kuanzia Novemba hadi Machi hauenei humo, na wakala anayekuambia mtarekebisha mkishafika anakutafutia kufukuzwa. Pasipoti yako kaa nayo mwenyewe. Wakala akiitaka kwa ajili ya hoteli, nenda naye mpaka mapokezi, usimame hapo mpaka waandike namba, kisha uirudishe mfukoni.