Uwanja wa Maswali: Watoto 72, kazi 8

SWALI: Nafundisha Darasa la Tano. Watoto 72, madawati 24, na kitabu kimoja kwa kila dawati. Nina monita na msaidizi wake, wote hodari, ila ndio wanaofanya kila kitu: kukusanya madaftari, kufuta ubao, kugawa vitabu. Wale 70 waliobaki hata mikoba yao hawajui kuipanga. Nilishagawa kazi kwa wengi, lakini ndani ya wiki mbili zote zilikuwa zimemrudia monita. Nakosea wapi?
Mwalimu wa darasa, Pasua, Moshi

JIBU: Mwalimu, inaelekea uligawa vyeo ukasahau kugawa vitu. “Kiongozi wa usafi” ni jina tu, na mtoto wa miaka 11 hajui jina hilo linamtaka afanye nini saa moja na nusu asubuhi. Mpe vitu vya kuhesabu, saa ya kuvihesabu, na mtu wa kumkabidhi.

Kwa darasa lako zinatosha kazi 8: vitabu, madaftari, ubao na chaki, saa ya vipindi, mafagio na ndoo, maji ya kunawa, vikombe vya uji, na kumbukumbu za waliokosa. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo inayofundisha mpangilio kuliko zote. Mtoto anaandika kwenye daftari moja tarehe, somo, ukurasa na zoezi lililotolewa, ili aliyeugua malaria Jumanne akirudi Alhamisi ajue pa kuanzia. Daftari la mahudhurio usimpe mtoto. Hilo likikosewa, atakayeulizwa ni wewe.

Zamu ziwe za wiki mbili, na kila kazi iwe na watu wawili: mshika kazi na msaidizi. Zamu ikiisha, msaidizi anapanda na msaidizi mpya anaingia. Hesabu yako imekaa vizuri: watoto 72 ni makundi 9 ya watoto 8. Kundi la kwanza linashika, la pili linasaidia. Zamu inayofuata la pili linashika, la tatu linasaidia, hadi la tisa, ambalo litasaidiwa na la kwanza. Hizo ni wiki 18. Muhula ukikatika kwa mitihani, endelea ulipoishia baada ya likizo, usianze upya. Kundi la kwanza halikupata wa kujifunza kwake, kwa hiyo siku tatu za mwanzo tembea nalo mwenyewe.

Usipange makundi kwa kufuata daftari la mahudhurio. Mengi huorodhesha wavulana kwanza, na utajikuta wasichana wanasubiri hadi karibu na kufunga shule. Fuata madawati: kundi la kwanza ni mmoja kutoka kila dawati la 1 hadi la 8, la pili madawati ya 9 hadi 16, la tatu 17 hadi 24, kisha unarudi mwanzo.

Kila kazi iwe na kadi, nusu ya karatasi ya manila, yenye mistari minne: lini, wapi, vingapi, na nikikosekana nani. Kadi ya madaftari, kwa mfano, iseme hivi: safu 4, kila safu madaftari 18, yapitishwe kutoka nyuma kwenda mbele yakiwa yamefunguliwa ukurasa wa kusahihishwa, pungufu, andika namba ya dawati. Mtoto asipoelekezwa hivyo atapita dawati kwa dawati, na kipindi cha dakika 40 kitaliwa kwa kukusanya.

Sasa makabidhiano, maana hapa ndipo wengi wanapolegea. Ijumaa ya mwisho wa zamu, tenga dakika 10. Vitabu viwe na namba za maka peni, namba ya kitabu ikiwa ndiyo namba ya dawati. Anayetoka anavipanga mezani. Anayehesabu ni anayeingia, kwa sauti, 1 hadi 24. Anayetoka asijihesabie, atataja 24 hata vikiwa 23. Wakifika 17 kitabu hakipo, wanakwenda wote wawili dawati la 17, wanakikuta chini ya mkoba, jalada limechomoka. Wanaandika nyuma ya kadi: “17, jalada limetoka,” wanatia sahihi, na zamu mpya inaanza ikijua ilichopokea. Bila mstari huo, jalada la 17 litakuwa kosa la kila mtu, yaani la hakuna mtu.

Kuhusu kazi kumrudia monita: mara nyingi ni sisi walimu tunaomrudishia. Chaki haipo, kipindi kinakwenda, unaita jina ulilolizoea. Usiite. Simama hapo mbele mkono mtupu, muulize mwenye kazi, “Kadi yako inasemaje?” Utapoteza dakika mbili mara ya kwanza, na pengine mara ya pili. Monita naye asivuliwe. Kazi yake iwe kupitia kadi 8 asubuhi kabla ya kwenda mstarini, na kukuambia ipi haina mtu leo.

Zamu ya wiki moja haitoshi, mtoto anaondoka ndio kwanza ameielewa. Ya mwezi mzima nayo inazaa ufalme: utasikia “fagio zangu.”

SWALI: Binti yangu yuko Darasa la Nne. Mwalimu akitoka, yeye ndiye huandika majina ya wapiga kelele. Wenzake wanamhonga ubuyu asiwaandike, na walioandikwa humvizia njiani. Nimkataze?
Mama, Sakina, Arusha

JIBU: Usimkataze yeye, mama, nenda kaongee na mwalimu wa darasa. Kuandika majina hakumfundishi mtoto kupanga chochote, kunamfanya askari wa wenzake. Tena majina yale mara nyingi huishia kwenye fimbo, ilhali kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Pendekeza binti apewe kazi ya saa: mwalimu anaacha maswali 5 ubaoni, binti anaandika saa kazi ilipoanza, anatangaza dakika 5 za mwisho, kisha madaftari yanakusanywa. Kelele zitakuwepo kidogo, lakini mwalimu akirudi atajua nani amefika swali la ngapi.

SWALI: Mwanafunzi wangu ana kigugumizi. Nimruke kwenye zamu?
Mwalimu, Kiborloni

JIBU: Usimruke. Asianze na saa ya vipindi, inayodai kutangaza. Aanze na vitabu au kumbukumbu za waliokosa. Siku ya makabidhiano ahesabu kwa kugusa kila kitabu, mwenzake akitamka namba. Na wewe usimmalizie neno.