Ripoti ya mwaka au ripoti ya kila mwaka?

Swali: Nimepewa kazi ya kuandaa ripoti ya shirika letu. Jaladani niandike "Ripoti ya Mwaka" au "Ripoti ya Kila Mwaka"? Na je, naruhusiwa kuiita taarifa?

Jibu: Andika "Ripoti ya Mwaka 2024". Neno "kila" hutaja mazoea: "Shirika hutoa ripoti kila mwaka." Waraka unaouandaa unasimulia mwaka mmoja tu, tena uliokwisha kufungwa, kwa hiyo "kila" haina kazi hapo. Iwapo hesabu zenu huanza Julai na kuishia Juni, andika "Mwaka wa Fedha 2023/2024", kwani msomaji akiona 2024 peke yake atadhani ni Januari hadi Desemba.

Kuiita taarifa si kosa, na wengi huiita hivyo. Mimi napendelea "ripoti" kwa waraka mzima kwa sababu ndani yake mna taarifa kadhaa: ya mwenyekiti, ya mtendaji mkuu, ya shughuli zilizofanyika, kisha taarifa za fedha, yaani mizania (jedwali la mali na madeni ya shirika), mapato na matumizi, mtiririko wa fedha na maelezo yanayofafanua tarakimu hizo. Maoni ya mkaguzi wa nje nayo huwekwa humo. Hayo usiyahariri hata neno moja. Ni kauli yake, si yenu.

Hukuuliza, lakini kinachoniumiza zaidi katika ripoti hizi ni nyakati. Mtu anaandika: "Mwaka huu tumefundisha walimu 40." Ripoti ya 2024 husomwa 2025, sasa mwaka huu ni upi? Andika: "Mwaka 2024 tulifundisha walimu 40." Kiambishi -li- kinaliweka tendo ndani ya mwaka uliofungwa. Kiambishi -me- kiachie hali ambayo bado ipo siku unapoandika: "Wakufunzi wawili wameacha kazi na nafasi zao zingali wazi." Si suala la urembo. Mwanachama au mfadhili huyasoma maneno yako huku akitazama hesabu, na anahitaji kujua tendo liliangukia mwaka gani. La sivyo mradi uleule utahesabiwa katika ripoti mbili. Mipango nayo ipe sehemu yake, kwa -ta-, isichanganyikane na yaliyokwisha kutimia.