Gari linakataa kona? Anza kama Mark Donohue

Msomaji ameandika kwamba alibadilisha springi, shokomzoba na matairi kwa mpigo, na gari bado linasukuma nje kwenye kona. Sasa hajui alaumu nini. Ndugu yangu, rudi kwa Mark Donohue, dereva wa mbio za magari aliyekuwa pia mhandisi.

Mmarekani huyu alihitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1959. Mwaka 1968 alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am, mashindano ya magari ya Marekani, akiendesha Camaro ya timu ya Roger Penske, 1972 akaipatia timu hiyo ushindi wake wa kwanza wa mbio za Indianapolis 500, na 1973 akatwaa ubingwa wa mashindano ya Can-Am kwa Porsche 917/30 yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Wengi husifia mguu wake. Mimi nasifia duara lake la majaribio.

Chora duara la nusukipenyo cha mita 15 kwenye lami tambarare isiyo na watu. Zunguka ukiongeza mwendo taratibu hadi gari lianze kuteleza, kisha pima muda wa mizunguko mitatu, uchukue wastani. Zidisha muda huo kwa wenyewe, halafu gawa 592 kwa jibu. Sekunde 8.5 zinakupa 8.2 (mita kwa sekunde mraba), na hicho ndicho kipimo cha mshiko wako. Rudia upande wa pili.

Ukisimama tu, pima joto la matairi ya upande wa nje wa duara, kila moja sehemu tatu. Katikati pakizidi, upepo ni mwingi. Kingo zote mbili zikizidi, upepo hautoshi. Badilisha PSI 2 tu (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), urudie. Ukingo wa nje peke yake ukizidi, ongeza kemba hasi, yaani ulalo wa tairi ambapo sehemu yake ya juu inaegemea ndani.

Mbele pakiendelea kuteleza, lainisha stabilaiza ya mbele (chuma kinachozuia gari lisilale ubavu kwenye kona) au kaza ya nyuma. Kimoja tu! Ukigusa viwili, kimoja kinaficha kosa la kingine. Andika kila badiliko, na mwishoni rudisha mpangilio wa mwanzo upime tena, maana lami ikipata joto muda hubadilika wenyewe, nawe ukadhani ni kazi ya spana yako.

Na kagua matairi kila unaposimama. Agosti 1975, kwenye mazoezi katika uwanja wa mbio wa Österreichring, Austria, tairi la gari lake aina ya March lilipasuka. Donohue alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 38. Pitisha kiganja ubavuni mwa tairi, ndani na nje. Ukikuta uvimbe, au mkato unaoonyesha nyuzi, livue hapo hapo.