Jibu: Nissan 370Z kukwaruza gia ya tatu

Mkuu, umeuliza kama SynchroRev Match ndiyo inayokwaruza gia ya tatu ukiteremka kuelekea Usa River. Hapana. Huo mfumo, uliotoka na 370Z ya 2009, unapandisha mzunguko wa injini tu, ili ukiachia klachi gari lisishtuke. Gia inapoingia, klachi umeikanyaga, injini na giaboksi vimeachana. Kazi ya kulinganisha mizunguko kule ndani ni ya sinkronaiza: pete inayobana koni ya gia mpaka viende sawa. Fundi akikwambia zima ile S (kitufe cha mfumo huo) itapona, tafuta mwingine.

Pima hivi. Gari limesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde chache, tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachani na injini vizuri. Angalia mafuta ya klachi, toa upepo ulioingia kwenye mfumo wake. Silinda ya chini ya klachi (inayosukuma klachi iachie) kwenye hizi gari imekaa ndani, kwa hiyo ikivuja giaboksi inashushwa, na hapo badilisha na klachi kabisa kama imeisha.

Rivasi ikiingia safi na tatu peke yake inalia, sinkronaiza imechoka. Anza na oili ya giaboksi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo ya kupimiwa kwenye dumu.